Rangi Tatu za Helgoland

Waliosoma historia sekondari, Tanzania au Kenya, wanalijua jina hili. Mkataba wa Heligoland, 1890. Tulilikariri pamoja na Mkutano wa Berlin na mapatano ya 1886: mwaka, waliotia saini, matokeo. Tukaandika kwenye mtihani, tukapata alama, tukasonga mbele. Kuhusu kisiwa chenyewe tuliambiwa tu kwamba kiko Ulaya, kwamba Wajerumani walikitaka, na kwamba Waingereza walikitoa ili waachiwe njia huku kwetu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipokutana na bendera ya kisiwa hicho kwenye kitabu cha picha, na tangu hapo sijaacha kuitazama.

Ni bendera ya mistari mitatu ya mlalo: kijani juu, nyekundu katikati, nyeupe chini. Haina nyota, haina simba, haina neno hata moja. Ngao ya kisiwa nayo ni rangi zizo hizo kwa mpangilio uo huo, zimekatwa tu umbo la ngao. Asiyeijua ataiona akadhani ni bendera ya nchi fulani ambayo jina lake limemtoka. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi bora za fani hii, na ningependa kueleza kwa nini, taratibu, kwa kuwa uzuri wake hauonekani kwa kupepesa jicho.

Kwanza kisiwa chenyewe. Heligoland ni tahajia ya Waingereza, ndiyo iliyotufikia. Wajerumani huandika Helgoland. Ni manispaa ndogo ya wilaya ya Pinneberg, jimbo la Schleswig-Holstein, yenye wakazi wapatao 1,300, katika Bahari ya Kaskazini, kilomita zipatazo 50 kutoka nchi kavu. Kisiwa kikuu kina ukubwa wa kilomita moja ya mraba hivi. Mtu akianza kutembea asubuhi atakuwa amekizunguka chote kabla jua halijapanda sana. Ni pande la jiwe la mchanga lililoinuliwa kutoka chini ya bahari na chumvi iliyokuwa ikisukuma juu kwa mamilioni ya miaka. Chuma kilichomo ndani ya jiwe hilo kimelifanya liwe jekundu, wekundu wa tofali lililoiva. Kingo zake hazishuki taratibu kama fukwe zetu. Ni magenge, yamesimama wima kutoka majini, na pembeni mwa ncha ya kaskazini imebaki nguzo moja ya jiwe, Lange Anna, yenye kimo cha mita 47, imejitenga kama mtu aliyeachwa na msafara. Juu ya magenge ni tambarare yenye nyasi. Na upande wa mashariki, ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari, kuna kisiwa cha pili, kidogo, cha mchanga mweupe. Kinaitwa Düne, yaani tuta la mchanga.

Sasa mweke mtu kwenye sitaha ya meli inayokaribia. Juu kabisa anaona utepe wa kijani: nyasi. Chini yake ukuta mwekundu: genge. Chini ya yote, sambamba na maji, weupe: mchanga. Bendera imeshachorwa mbele yake kabla hajaiona juu ya mlingoti. Wenyeji, ambao wana lugha yao ya Kifrisia iitwayo Halunder, na ambao kisiwa chao hukiita kwa neno lenye maana ya "Nchi" tu, wana kibwagizo cha vina kinachoeleza kila rangi ni ya nini. Mtoto akishakijua hawezi tena kukosea mpangilio. Naona hilo ni jambo kubwa. Bendera nyingi duniani zinahitaji kijitabu: nyekundu ni damu ya mashujaa, njano ni madini, kijani ni kilimo. Maelezo hayo hutungwa mezani na huweza kubadilishwa mezani. Hapa hakuna kilichotungwa. Mtu alitazama, akaandika alichokiona kwa maneno matatu.

Nimesema maneno kwa makusudi. Fani ya ngao, ambayo Wajerumani wameilea kwa karne nyingi, ni fani ya maneno kabla ya kuwa fani ya mchoro. Wengi hawalijui hili. Ngao ya mji haimo katika picha fulani iliyofungiwa kabatini, ambayo kila nakala lazima iifuate kwa kipimo. Imo katika sentensi. Sentensi hiyo husema uwanja wa ngao ni wa rangi gani, umegawanywaje, umewekewa nini, kinaelekea wapi. Mchoraji yeyote akiishika sentensi hiyo ana haki ya kuchora kwa mkono wake: mmoja atamchora tai mwembamba, mwingine mnene, na wote wawili watakuwa wamechora ngao ile ile. Ni kama utenzi mmoja unaoghaniwa na waghani wawili wenye sauti tofauti.

Sentensi ya Helgoland ni fupi ajabu. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: ngao iliyogawanywa mara mbili kwa mlalo, ya kijani, nyekundu na fedha. Basi. Ziko ngao za vijiji ambazo maelezo yake hujaza aya nzima, na msomaji akifika mwisho ameshasahau mwanzo.

Juzi nilifanya jaribio nyumbani. Nilimwita binti yangu mdogo, nikampa karatasi na penseli moja ya kawaida, nikamsomea sentensi ile. Akauliza penseli za rangi ziko wapi. Nikamwambia hazihitajiki. Nikamwonyesha mbinu ambayo mafundi wa ngao huitumia tangu karne ya 17, iliyoenezwa na padri Mjesuiti aitwaye Silvester Petra Sancta katika kitabu chake cha 1638. Wakati ule vitabu vilichapwa kwa wino mweusi tu, na ngao bila rangi si ngao. Kwa hiyo kila rangi ikapewa mistari yake. Nyekundu ni mistari ya wima. Buluu ni ya mlalo. Kijani ni ya mshazari, inayoshuka kutoka juu kushoto kwa mtazamaji kwenda chini kulia. Nyeusi ni mistari iliyopishana kama wavu. Dhahabu ni nukta. Fedha, yaani nyeupe, huachwa wazi.

Binti yangu akachora ngao, akaigawa sehemu tatu. Sehemu ya juu akaitia mistari ya mshazari, na mkono wake ukayumba kidogo kuelekea mwisho. Ya kati akaitia ya wima. Ya chini akaiacha. Nilipoishika karatasi ile mbali kidogo na macho, kulitokea jambo ambalo sikulitegemea. Mistari ya wima ilifanana na ukuta wa mawe, na ile ya mshazari ilifanana na nyasi zilizolazwa na upepo. Chini palikuwa patupu kama ufuko. Najua ni sadfa, kwani Petra Sancta hakuwa na Helgoland akilini. Hata hivyo sijawahi kuona ngao nyingine ambayo hata ikivuliwa rangi zake inabaki ikionyesha mahali pake.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wataalamu wenye msimamo mkali hawalifurahii. Fani hii ina sharti moja mama. Rangi zake zimegawanywa makundi mawili: metali, yaani dhahabu na fedha, ambazo kwenye kitambaa huwa njano na nyeupe, na rangi zenyewe, nyekundu, buluu, kijani na nyeusi. Sharti ni kwamba rangi isiwekwe juu ya rangi wala metali juu ya metali. Sababu yake ni ya uwanja wa vita. Ngao ilibebwa na mtu aliyefunika uso kwa chuma, na rafiki yake alitakiwa amtambue kutoka mbali, katikati ya vumbi. Hata neno la Kijerumani la ngao ya ukoo, Wappen, ni ndugu wa damu wa Waffen, silaha. Kijani juu ya buluu, kwa mbali, ni giza juu ya giza. Njano juu ya nyeupe ni mwanga ndani ya mwanga. Anayetaka kuonekana sharti aoanishe mwanga na giza.

Helgoland imeweka kijani na nyekundu bega kwa bega. Walimu wa fani watakuambia kwamba sharti halijavunjwa kabisa, maana pande za ngao iliyogawanywa ziko ubavuni mwa zenzake, hazijapandana, na kwa migawanyiko ya namna hiyo sheria hulegezwa. Lakini jicho halisomi vifungu vya sheria. Kwenye picha ya nyeusi na nyeupe, rangi hizo mbili hukaribiana hata zikawa kama moja, na bendera inaonekana ina giza theluthi mbili na mwanga theluthi moja.

Linganisha na bendera ya Nordrhein-Westfalen, jimbo lenye watu wengi kuliko yote Ujerumani. Rangi ni zile zile tatu, mlalo vilevile, ila nyeupe iko katikati: kijani, nyeupe, nyekundu. Ilitokana na kuunganisha kijani na nyeupe ya Rhineland na nyeupe na nyekundu ya Westfalen, nyeupe ikawa kiungo. Kwa sheria ya fani ni bendera safi kabisa. Kila rangi imetenganishwa na mwenzake kwa metali, na ukiwa mbali unaisoma bila shida. Fundi yeyote akipewa rangi tatu hizi mikono mitupu, bila mahali, atazipanga hivyo.

Helgoland haikuweza kuzipanga hivyo. Nyeupe haiwezi kupanda katikati kwa sababu mchanga haukai katikati ya genge. Nyekundu haiwezi kushuka. Kijani hakiwezi kwenda kwingine ila juu. Kisiwa chenyewe kilishakata shauri, na aliyeibuni bendera alikuwa na unyenyekevu wa kukubali. Heshima yangu kubwa kwa kazi hii iko hapo. Ufundi wa kawaida ni kuijua sheria na kuifuata. Huu ni wa juu zaidi: kusimama mbele ya kitu, kuona kwamba kimeikataa sheria, na kukiacha kiseme chenyewe bila kukirekebisha.

Ili kuuona ugumu wake, tazama kinachofanywa na manispaa nyingine. Ujerumani ina manispaa zaidi ya 10,000, na karibu kila moja ina ngao. Nyingi si za kale. Baada ya Vita Kuu ya Pili, na hasa pale vijiji vilipounganishwa katika miaka ya 1960 na 1970, halmashauri nyingi zilijikuta na jina jipya, mhuri mpya na haja ya alama mpya. Kazi hiyo haiachiwi tu kila mtu ajifanyie. Katika Schleswig-Holstein, kwa mfano, ngao ya manispaa hutakiwa kuidhinishwa na serikali ya jimbo, na hifadhi ya nyaraka ya jimbo, iliyoko mji wa Schleswig, ndiyo inayotunza daftari la ngao hizo. Humo mna kazi za mafundi wenye subira ya ajabu. Mto wa kijiji hugeuka mstari mmoja wa mawimbi. Vijiji vitano vilivyoungana huwa majani matano ya mwaloni. Kinu cha kusaga nafaka hubaki gurudumu tu, na mkulima hubaki suke moja.

Lakini kila halmashauri ina mjumbe anayetaka kanisa lake lionekane, na mwingine anayetaka kinu, na mwingine mnara wa mfupa wa nyangumi. Vyote hupigiwa kura, vyote huingia. Matokeo yake ni ngao iliyogawanywa mara nne, kila chumba kimejaa, na inapopunguzwa ikae kwenye mhuri wa sentimita chache inageuka doa la wino. Wajuzi husema kitu kimoja kwenye uwanja mmoja, kikubwa, kijaze nafasi. Wanakataa pia maandishi juu ya ngao, na hapo ndipo fani hii inapoachana na kanga: kanga bila jina lake ni nusu bubu, ngao yenye jina ni ngao iliyokiri kwamba mchoro wake haukutosha.

Bingwa aliyewafundisha Wajerumani adabu hiyo upya ni Otto Hupp, aliyezaliwa Düsseldorf mwaka 1859 na kufariki mwaka 1949 huko Schleißheim, karibu na München. Alipoanza kazi, ngao za zama zake zilikuwa zimevimba kwa mapambo: mataji, mapazia, maua, vivuli vya kuigiza uhalisi. Hupp alirudi kwenye mikono ya zama za kati. Simba wake hawana nyama ya ziada. Wamekonda kiunoni, makucha yametanuliwa, ulimi umetoka, na mwili mzima umejipinda ukajaza ngao pembe hadi pembe. Kalenda yake ya ngao, Münchener Kalender, ilitoka mwaka hadi mwaka kuanzia 1885 hadi 1936. Na kampuni ya kahawa ya Kaffee HAG ya Bremen ilimpa kazi ambayo naipenda zaidi: kuchora ngao za miji na vijiji kwenye vipicha vidogo ambavyo wanunuzi wa kahawa walivikusanya na kuvibandika kwenye albamu. Wazia jikoni kwa mtu, paketi ya kahawa imefunguliwa, watoto wanagombania ngao ya kijiji ambacho hawatafika kamwe. Fani iliyoanza kwa mashujaa wa farasi ikaishia kwenye meza ya chai, na haikupoteza heshima yake, kwa sababu mchoro ulikuwa mzuri ukubwani na udogoni.

Kipimo hicho cha udogoni Helgoland imeshakipita kwa namna ambayo wakusanyaji wa stempu wanaijua. Kisiwa kilikuwa chini ya Denmark na utawala wa Schleswig mpaka 1807, Waingereza walipokitwaa katika vita vyao na Napoleon. Denmark ilikikabidhi rasmi 1814. Waingereza hawakuifuta bendera. Waliweka yao katika kona ya juu, karibu na mlingoti, na zile rangi tatu zikaendelea kutandaza mistari yake. Kisha mwaka 1867 kisiwa kikapata stempu zake, na zilichapwa Berlin, katika kiwanda cha serikali ya Prussia. Shika moja mkononi: fremu ya rangi moja, ndani rangi nyingine, kijani na nyekundu, na kichwa cha Malkia Victoria kimechomozwa kutoka nyuma ya karatasi bila wino, cheupe. Malkia amekuwa mchanga. Stempu ni ndogo sana, na ingawa rangi hazimo kwenye mistari, kisiwa kimo humo chote.

Kisha ukaja mwaka tulioukariri. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza ya Lord Salisbury na Ujerumani ya Kansela Caprivi zilitia saini. Darasani wengi tulitoka tukiamini Wajerumani walibadilishana Zanzibar na Helgoland, na sivyo. Zanzibar haikuwa yao. Walichokiachia ni madai yao, pamoja na himaya yao ya Witu, kule nyuma ya Lamu, na wakakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Uganda ikabaki upande wa Waingereza. Mrima, ukanda wa pwani ya Tanganyika ambao Wajerumani walikuwa wameukodi, ukatolewa moja kwa moja na Sultani Ali bin Said kwa marki milioni nne. Tarehe 9 Agosti gavana wa mwisho Mwingereza, Arthur Barkly, alikikabidhi kisiwa, na kesho yake Kaisari Wilhelm wa Pili akafika mwenyewe.

Watu wa Witu hawakuulizwa. Watu wa Zanzibar hawakuulizwa, na wale wapatao 2,000 wa Helgoland nao hawakuulizwa. Hilo ndilo lililonifanya nisiwaone tena kama jina la mtihani. Siku ile Zanzibar ilikuwa na bendera ya Sultani, nyekundu tupu kutoka ukingo hadi ukingo, bila alama, na Helgoland ilikuwa na yake ya mistari mitatu. Bendera mbili rahisi kuliko zote, za visiwa viwili, kwenye karatasi moja iliyoandikwa na watu wa mbali. Sipendi kulazimisha mafungamano, lakini ninapoitazama bendera ya Helgoland leo siwezi kuisahau ile nyingine.

Ile kona ya Uingereza ikatolewa. Bendera ikarudi ilivyokuwa, bila mshono wa ziada. Hapa naona tena faida ya wepesi wake: kitu kisichokuwa na alama ya mtawala hakihitaji kusafishwa mtawala anapoondoka.

Na ilipimwa kwa kipimo kikali zaidi. Tarehe 18 Aprili 1945, karibu ndege 1,000 za Uingereza zilikishambulia kisiwa kwa mabomu, na wakazi waliosalia wakahamishwa wote. Miaka miwili kamili baadaye, 18 Aprili 1947, jeshi la Uingereza liliripua humo tani 6,700 hivi za baruti ili kuvunja ngome za chini ya ardhi. Sehemu ya kusini ya kisiwa iliporomoka. Kifusi chake leo ni mtaa wa kati, kati ya ule wa juu na ule wa chini. Kwa miaka iliyofuata kisiwa kilikuwa shabaha ya mazoezi ya mabomu, hakuna mtu. Tarehe 20 Desemba 1950, wanafunzi wawili kutoka Heidelberg, René Leudesdorff na Georg von Hatzfeld, wakavuka katika baridi ile, wakaingia kwenye magofu na kupandisha bendera: ya Ujerumani, ya harakati za umoja wa Ulaya, na ya Helgoland. Tarehe 1 Machi 1952 kisiwa kikarudishwa, na watu wakaanza kurudi.

Kisiwa walichokirudia kilikuwa na umbo jingine. Ramani ilibidi ichorwe upya. Bendera haikuhitaji kuguswa. Haikuwa imechora kilele fulani wala mnara fulani ambao ungeanguka. Ilikuwa imechora uhusiano: nyasi juu ya jiwe, jiwe juu ya mchanga. Uhusiano huo hata tani 6,700 hazikuuvunja.

Ule mstari mweupe nao una hadithi yake. Zamani upande wa mashariki palikuwa na jabali jeupe, ambalo watu walilichimba mawe kizazi baada ya kizazi mpaka likadhoofika, na dhoruba ya 1711 ikalimaliza. Likabaki fungu la mchanga lililounganisha kisiwa kikuu na Düne. Usiku wa kuamkia mwaka 1721 bahari ikalikata. Tangu siku hiyo jiwe jekundu na mchanga mweupe vimetenganishwa na maji, na anayetaka kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine hupanda mashua. Kwenye kitambaa bado vimeshonwa pamoja.

Maana bendera, mwisho wa yote, ni kazi ya mshonaji. Hii ina mishono miwili tu ya urefu: kijani kwa nyekundu, nyekundu kwa nyeupe. Mshono hulazwa na kukunjwa ili ncha za kitambaa zifichwe pande zote mbili, kwani bendera haina ndani wala nje. Mshono wa chini ndio mgumu kuliko unavyodhaniwa. Nyekundu isiyokomaa hutoa rangi mvuani na kuichafua nyeupe. Upande wa mbali na mlingoti hupigwa upindo wa mistari kadhaa ya uzi, na hata hivyo upepo wa Bahari ya Kaskazini huanza kula pale pale, kwenye kona mbili, ukifumua uzi mmoja mmoja. Ikipandishwa kichwa chini, mchanga ukawa mbinguni na nyasi majini, mvuvi wa huko ataliona kosa kutoka mbali. Bendera ya Uingereza ikipinduliwa, Waingereza wengi hawatambui.

Binti yangu alipomaliza mchoro wake aliutazama akaniuliza: "Baba, bahari iko wapi?" Nilikuwa nimeitazama bendera hii kwa miaka na sikuwahi kujiuliza. Kisiwa kilichozungukwa na maji pande zote, kilichokatwa vipande na maji, na hakuna hata uzi mmoja wa buluu kwenye bendera yake. Hata bendera ya jimbo lao inayo buluu. Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikamrudisha kwenye ile meli, nikamsimamisha sitahani, nikamwambia ainue macho atazame kijani, ashuke kwenye nyekundu, ashuke kwenye nyeupe, halafu aendelee kushuka. Akaivuta ile karatasi hadi ukingo wa meza, akaitazama, akainama kuangalia chini ya meza.